Uhuru Unaoonekana Kijijini: Tujifunze kwa Amílcar Cabral

Somo la toleo hili linauliza: uhuru wa nchi hupimwa kwa kitu gani? Tunajifunza kutoka Guinea-Bissau, iliyokuwa koloni la Ureno huko Afrika Magharibi, na kwa kiongozi wake Amílcar Cabral (1924–1973), aliyesomea kilimo.

Mwaka 1953 Cabral aliongoza sensa ya kilimo katika koloni hilo. Kazi hiyo ilimfikisha vijijini, akajua maisha ya wakulima kwa karibu. Mwaka 1956 alishiriki kuanzisha chama cha PAIGC, na mwaka 1963 vita vya ukombozi vilianza. Vita hivyo vilisimama juu ya mawazo ambayo tunayagawa katika sehemu tatu.

Kwanza, watu hawajitoi mhanga kwa maneno matupu. Mkulima huvumilia taabu akitumaini kwamba watoto wake wataishi vizuri zaidi. Kwa hiyo chama kilifungua shule, zahanati na maduka ya wananchi katika maeneo yaliyokombolewa, vita vikiwa bado vinaendelea.

Pili, utamaduni ni mzizi wa ukombozi. Anayedharau lugha na asili yake ametawaliwa hata kabla ya bunduki kufika. Hata hivyo, Cabral hakutetea kila mila. Kamati ya kijiji ilikuwa na wajumbe watano waliochaguliwa, na angalau wawili walitakiwa kuwa wanawake.

Tatu, wananchi waambiwe ukweli. Aliwaagiza viongozi wasiwafiche watu matatizo wala makosa ya chama.

Cabral aliuawa mjini Conakry tarehe 20 Januari 1973, na waliomuua walitoka ndani ya chama chake. Uhuru ulitangazwa tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, na Ureno ikautambua mwaka 1974. Lakini yalifuata mapinduzi ya kijeshi mwaka 1980, 2003 na 2012. Bendera ilipatikana, kipimo cha Cabral, yaani maisha ya mwanakijiji, kingali kinadai jibu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Cabral hakusubiri vita viishe ndipo ajenge shule?
2. Ni mila gani za kwetu zinatujenga, na zipi zinamnyima mtu sauti?
3. Kamati inayotoa taarifa za mafanikio peke yake inapoteza nini?