Mchwa wamepanda nguzo za kibaraza

*Mtaalamu, nimejenga kibaraza cha nguzo za mkaratusi. Sasa vijia vya udongo vinapanda nguzoni; nikivikwangua, vinarudi. Nibomoe? Msomaji, Mwamapalala.*

Usibomoe kwanza. Mchwa ana mwili laini unaokauka upesi, ndiyo maana husafiri ndani ya kijia chenye unyevu. Kiota kiko ardhini, hivyo kukwangua peke yake hakukomeshi safari.

Choma kila nguzo kwa bisibisi, hasa usawa wa ardhi. Ikizama kwa urahisi, badilisha nguzo hiyo. Zilizo nzima zikalishe juu ya vitako vya zege vyenye vyuma, mbao isiguse udongo. Mchwa wanaweza bado kupanda zege, ila utawaona mapema. Ondoa kuni na mabua yaliyoegemezwa nguzoni, na maji ya paa yasituame hapo.

Oili chafu? Wengi huipaka, lakini haiui kiota na huchafua udongo. Dawa ya pamba iliyobaki stoo pia iache. Nunua dawa ya mchwa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ufuate kibandiko, mbali na kisima. Vijia vikifika kwenye kenchi, ita fundi na mpuliziaji mzoefu wiki hiyohiyo.