SOMO: MCHANGA NI TANGI
Tuliyojifunza katika ziara ya Lamu



Somo la leo tumelileta kutoka Lamu. Tulikwenda watu kumi na wanne kutoka vikundi vitatu vya hapa kwetu Ukambani, kila mmoja amechanga nauli yake kidogo kidogo. Wengine walituuliza, "Mji wa kale utamsaidia nini mkulima?" Twende polepole, mtaona.

Tuliyoyaona

Gari lilitufikisha Mokowe tu. Kutoka hapo tulivuka bahari kwa boti, na wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza. Vichochoro vya mji ni vyembamba, na mizigo mingi hubebwa na punda.

Watu wameishi Lamu bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ngome ya mji ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini sisi ni watu wa ukame, macho yetu yalitafuta maji. Katika nyumba ya kale tulioneshwa birika, yaani tangi dogo lililojengwa ndani. Wazee waliweka humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini walitia bakuli ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pao. Hiyo ni akili isiyohitaji pesa nyingi.

Maji yanatoka wapi?

Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi. Kumbe maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji kilicho kama kilomita 3 kutoka mjini. Mvua ikinyesha, mchanga huyameza maji na kuyaweka. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda mpaka visimani. Ndiyo sababu habari ya kujenga juu ya vilima hivyo imeleta ubishi mkali.

Mama mmoja wa kundi letu alimwuliza mzee wa Shela, "Mzee wetu, mchanga mzuri hivi, mbona hamuuzi?"

Mzee akacheka. "Mama, nikiuza tangi, maji nitayatia wapi?"

Turudi kwetu

Mito yetu ni mikavu miezi mingi, lakini tukifukua mchanga tunapata maji. Bwawa la mchanga hufanya kazi hiyo hiyo: ukuta unajengwa mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga, mbali na jua kali. Malori yakibeba mchanga wote, mto unabaki mwamba. Mafuriko yanapita mbio, visima vya kandokando vinakauka, na akina mama wanaongezewa mwendo.

Yule mama aliyeuliza swali alinyamaza njia nzima. Tulipofika Garsen akasema, "Mwanangu ndiye anapakia malori. Karo ya mdogo wake inatoka huko. Niambieni nitamwambia nini."

Hatukuwa na jibu la haraka. Kuwaita vijana wezi si jibu, kwa sababu wana njaa kama sisi. Lakini tuliafikiana jambo moja: pesa ya lori inalipwa mara moja, na maji yakienda tunalipa kila siku. Wenzetu wa Makueni walipitisha sheria ya kaunti kuhusu mchanga mwaka 2015. Kwa hivyo jamii inaweza kukaa, ikapanga ni wapi pa kuchota, kiasi gani, na wapi pasiguswe kabisa.

Jaribio la kufanya mkutanoni

Jazeni debe la lita 20 mchanga mkavu wa mtoni. Mwageni maji polepole kwa kikombe, mkihesabu, mpaka maji yatokeze juu. Mtaona limemeza lita 5 na zaidi. Sasa fikirieni lori zima.

Maswali ya kujadiliana

1. Miaka kumi iliyopita tulifukua mchanga kiasi gani kupata maji? Na leo?
2. Pesa ya mchanga wa mto wetu inamfikia nani? Hasara inambeba nani?
3. Vijana wanaopakia malori wanaweza kupata kazi gani nyingine, na kikundi kitawasaidiaje kuianza?
4. Ni sehemu gani ya mto tutakubaliana isiguswe?

Msijadili swali la tatu bila vijana wenyewe kuwapo. Yule mama ameahidi kuja na mwanawe. Tumpokee kama mwenzetu, tumpe kiti, na yeye aanze kusema.