Somo la Vijana: Udaktari au Uhandisi?

Mzazi mmoja wa Bwejuu ametuletea swali la binti yake, naye anataka jibu kabla fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano haijarudishwa shuleni. Binti anapenda udaktari, na uhandisi anaupenda vilevile. Nyumbani wamemwambia, "Wewe una huruma, basi uwe daktari. Uhandisi ni kazi ya wapenda mashine." Shauri hilo limetoka katika mapenzi, lakini sisi twaona lina kosa ndani yake.

Na tukumbuke mwaka 2008. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei mwaka ule umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Watu ambao kazi zao zategemea umeme wakakosa ujira. Baadaye mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alipitia daftari za wodi ya wazazi, na mwaka 2014 akachapisha aliyoyaona: watoto waliokuwa katika miezi ya mwanzo ya mimba wakati wa giza lile walizaliwa na uzito pungufu. Si kwamba mkunga alikosa taa, maana walipozaliwa umeme ulikuwa umerudi zamani. Ujira ulipungua nyumbani, na mtoto aliye tumboni akapungukiwa pamoja na mama yake.

Giza lilirudi Desemba 2009, likakaa hata Machi 2010. Waya mpya, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Daktari aliweza kumpima mtoto na kumtunza akiisha kuzaliwa. Lakini hatari ile ilianzia kwenye waya, na waya ni kazi ya mhandisi. Kwa hiyo huruma peke yake haiwezi kumchagulia binti huyu. Inafaa kote kuwili.

Basi achague kwa lipi? Atazame kazi yenyewe ya kila siku. Daktari humwona mtu wake uso kwa uso, huamshwa usiku, na mara nyingine huamua kabla hajajua yote. Mhandisi hukaa na hesabu na michoro miezi mingi, na wengi atakaowafaa hatawaona kamwe. Kuna mwenye moyo wa kuvumilia damu na vilio lakini hesabu ndefu humchosha. Na kuna ambaye ni kinyume chake, wala si aibu. (Wazazi nao wana lao: neno "daktari" ni tamu sana kulitamka barazani.)

Tena fomu hiyo si jambo dogo. Fizikia na Kemia ni za wote wawili. Njia panda ni Biolojia au Hisabati. Akichukua Biolojia, njia ni ya udaktari, Muhimbili au SUZA hapa hapa Unguja, miaka mitano na mmoja wa mazoezi. Akichukua Hisabati, aweza kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi umefundishwa tangu 1973, miaka minne. Kurudi nyuma baada ya hapo ni kazi ngumu. Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha ufundi wa vifaa vya hospitali, na hospitali yenye mashine ya eksirei iliyoharibika yamhitaji mtu huyo kuliko daktari wa pili.

Tumemshauri mzazi aombe ruhusa mahali pawili: binti akae siku tatu katika kituo cha afya, na siku tatu afuatane na mafundi wa pampu ya maji. Kila jioni amweleze mama yake yaliyomchosha. Mama asimwulize yaliyompendeza, kwani hayo ameshayasema. Fomu ikae kabatini mpaka siku ya saba.