FURAHA SI KUJIFANYA

Somo la wiki: Wafilipi 4:4–19



Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku 90 zikapita, na kufikia tarehe 1 Julai USAID ikaacha kuendesha miradi ya misaada. Hapa Elwak, mahali mtu akisema ana kazi mara nyingi ni ya serikali, ya shule au ya shirika, tulijua maana yake. Wapendwa wetu waliotoka chini walipanda basi la Wajir na Garissa wakarudi kwao. Wengine mko hapa, mnatafuta.

Mimi nilionja kikombe hicho miaka kadhaa kabla ya hapo, nikiwa na digrii ya biashara na kazi katika kampuni moja Nairobi. Nilipoachishwa, nilienda kanisani nikicheka na kusema, "Niko sawa, Mungu ni mwema." Jumapili moja tukitoka ibadani mke wangu akaniuliza, "Kule ndani ulikuwa unacheka na nani? Nyumbani hujaongea tangu Jumatano."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naigiza.

1. FURAHA HUJIFUNZWA

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa amefungwa. Anawaambia wafurahi, lakini pia anasema kuridhika ni jambo alilojifunza. Hakuzaliwa nalo. Basi ndugu aliyeachishwa kazi juzi akiinamisha kichwa, usimwambie hana imani. Yuko darasani. Mpe muda.

2. PAULO HAKUFICHA SHIDA

Katika sura hiyo hiyo anawashukuru kwa kushiriki dhiki yake, na anamtaja Epafrodito aliyemletea msaada wao. Mtume mzima alipokea! Sisi tukikosa tunajifungia nyumbani.

Sema ukweli mapema: kwa mke au mume, kwa mwenye nyumba, kwa wale wa nyumbani wanaongoja M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa napita njia ya nyuma kumkwepa mwenye duka. Siku nilipomwendea mwenyewe, hakunifokea. Alitaka tu tarehe. Usiku huo nililala.

3. DAI HAKI YAKO, KISHA PANGA SIKU

Kazi yako ikiondolewa bila kosa lako, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka upewe notisi ya angalau mwezi mmoja au malipo badala yake, pesa za likizo ulizobakisha, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Kuuliza haki yako si kukosa imani.

Halafu asubuhi iwe na maombi mawili: ya magoti na ya kalamu. Andika barua zako, zitume, kisha funga. Mchana fanya kitu kingine, hata kama ni kumsaidia jirani kupiga hesabu za duka. Ukikaa na simu mkononi kutwa ukingoja jibu, kila mlio utakuvunja moyo. Na mtu akikuambia utume pesa kwanza ndipo upate kazi, huyo ni mwizi.

4. KANISA LIFANYE NINI?

Tuache kusalimiana kwa "Umepata?" Kama angepata, angekuambia. Uliza, "Mmekula?" Peleka sukari na unga bila matangazo. Na usimwondolee utumishi wake. Aliyepoteza kazi hajapoteza karama.

Kazi yangu ilikuja baada ya miezi 11, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Lakini furaha ilirudi kabla ya kazi, siku ile nilipoacha kuigiza.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Ni nani hajui hali yako na angepaswa kujua?
2. Kwa nini ni rahisi kutoa kuliko kupokea?
3. Wiki hii tutamtembelea nani, na tutabeba nini?

OMBI
Baba, tupe mkate wa leo, na ujasiri wa kusema ukweli tukiukosa. Kwa jina la Yesu, Amina.