Begi Mgongoni, Nyasa Mbele: Vidokezo kwa Marafiki wa Songea Wanaotaka Visiwa

Vijana wa Songea wakikaa kupanga safari ya visiwani, jina la kwanza kutajwa ni Zanzibar. Hesabu inapigwa: basi la kwenda Dar es Salaam, kulala, boti, daladala mpaka Nungwi, halafu mtu wa kwanza anajitoa, wa pili anaomba safari isogezwe hadi mwisho wa mwezi, na kundi la mtandaoni linabaki na picha za bahari ya watu wengine. Na wakati wote huo Ziwa Nyasa lipo hapo magharibi, mwendo wa nusu siku, lina mchanga, miamba, visiwa na maji unayoona chini yake samaki wa rangi ya buluu wakipita. Ninaomba kundi lako lianze na Nyasa. Sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi tu. Nyasa lina uzuri wake lenyewe, na sisi wa Ruvuma tunapaswa kuwa wa kwanza kulijua.

1. Hesabuni njia kabla ya kuhesabu watu

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, ni 66. Zamani kipande hicho cha pili kiliogopwa: tope, korongo, lori limekwama katikati, abiria wanashuka kusukuma. Sasa ni lami. Ondokeni asubuhi na mapema, ili mteremke milima ya Umatengo kukiwa na mwanga. Anayelala usingizi kwenye basi atakosa kitu kikubwa: mashamba ya ngoro yaliyochimbwa vishimo vishimo kwenye miteremko mikali, ufundi wa Wamatengo wa kushika udongo na maji ambao wataalamu wa kilimo hutoka mbali kuja kuusoma, kisha kahawa, kisha kona baada ya kona, na ghafla ziwa lote limetandazwa chini yenu. Mwambieni kondakta mapema ni nani anayetapika kwenye kona, akae mbele.

2. Fungasheni kwa hali mbili za hewa

Songea na Mbinga ni nchi ya juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake haina utani. Ziwa lipo chini sana, takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na huko joto linawapokea mlangoni. Sweta moja, kaptula mbili, kanga au shuka la Kimasai, ndala, tochi, chandarua. Shuka ni blanketi, taulo, pazia la kubadilishia nguo na mkeka kwa pamoja. Begi liwe lile unaloweza kulibeba mwenyewe ukipanda mtumbwi, maana kule hakuna wa kukubebea.

Na hiki ndicho kitu ambacho hakuna orodha ya wageni inayokitaja: chukueni ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Simu zote, fedha, vitambulisho na viberiti vinaingia humo kabla ya kukanyaga boti. Mkifika nchi kavu, ndoo hiyo hiyo ni ya kuchotea maji.

3. Mwera ndiye mwenye ratiba

Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera huvuma kutoka kusini, na ziwa refu hivyo, lenye zaidi ya kilomita 550 kutoka ncha hadi ncha, linaupa upepo nafasi ya kutosha kuinua mawimbi ya kutisha. Nyasa lina kina cha mita 700 hivi. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alizama ziwani humu mwaka 1895, mashua yake ilipopigwa na dhoruba. Julai 1946 meli ya MV Vipya ilipinduka upande wa Malawi, wakafa watu zaidi ya 140. Hawa walikuwa kwenye vyombo vikubwa kuliko mtumbwi mtakaoukodi ninyi.

Kwa hiyo chagueni Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba: mwera umepungua, mvua haijashika, maji yametulia na kuwa safi. Mkilazimika kwenda miezi ya upepo, vukeni asubuhi na mapema tu. Nahodha akitazama maji akasema leo hapana, msimbembeleze na msimwongezee fedha. Huyo amewapenda. Na kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha. Boti isiyo nayo isiwabebe, hata kisiwa kikiwa kinaonekana palepale.

4. Visiwa vyenyewe

Msitegemee visiwa vya hoteli. Hivi ni vidogo, vya mawe na miti, na uzuri wake mkubwa upo chini ya maji. Lundo, Hongi, Puulu, pamoja na kile kilicho mbele ya Mbamba Bay penyewe, vina miamba inayokaliwa na mbuna, wale samaki wadogo wa rangi. Nyasa lina mamia kwa mamia ya aina za samaki, na sehemu kubwa ya hao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna aina moja inayofugwa kwenye matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani kwa jina la Hongi. Watu wanalipia fedha nzuri kumtazama sebuleni, na sisi tunaweza kumtazama kwake, tukiwa na miwani ya kuogelea ya bei nafuu. Nunueni miwani hiyo Songea kabla ya kuondoka. Kundi la watu sita likiwa na miwani miwili na zamu zinazoeleweka, siku nzima inaisha bila mtu kushika simu.

Samaki hao msiwavue wala msiwabebe kwenye chupa. Mawe yao msiyapindue.

5. Liuli msiipite

Kaskazini mwa Mbamba Bay kuna Liuli, na kwangu mimi ndiyo kituo bora cha safari hii yote. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake uliowakumbusha ile sanamu ya Misri. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Habari za vita vya Ulaya zilikuwa hazijawafikia Wajerumani wa hapo. Ndivyo Vita Kuu ya Kwanza ilivyoanza ziwani, katika kijiji ambacho wanafunzi wengi wa Ruvuma hawajawahi kukiona.

Hapo pia kuna Jiwe la Pomonda. Wazee husimulia jinsi watu walivyojificha pangoni mwake wakati wa mashambulizi ya Wangoni. Kama kwenye kundi lenu kuna Mngoni, na likitoka Songea lazima atakuwepo, simulizi hiyo itamfaa kuisikia kutoka upande wa pili. Tafuteni mzee wa kuwasimulia, mwamkieni, kaeni chini, msikilize mpaka mwisho. Kanisa la Anglikana la Liuli nalo lina kaburi la William Percival Johnson, mmisionari aliyelizunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40, akafia hapo mwaka 1928.

6. Sherehe ya ufukweni ina wenyeji wake

Hapa ndipo makundi mengi hukosea, nami nitakaa kidogo.

Ufukwe wa Nyasa ni mahali pa kazi. Alfajiri mitumbwi inarudi, akina mama wanapokea usipa, dagaa wa ziwa hili, na mchanga mliouona jana jioni kuwa wa kuchezea ndio unaoanikiwa samaki, au upo kando ya vichanja vya kuwaanikia. Kwa hiyo kabla ya kushusha spika, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa watu wa BMU, wale wanaosimamia ufukwe na uvuvi. Semeni mmetoka Songea, mko wangapi, mtalala wapi, muziki utazimwa saa ngapi. Atawaonyesha eneo lililo mbali na vichanja, na mara nyingi atawapa kijana wa kukaa nanyi usiku. Mpeni huyo kijana chakula na posho yake bila kungoja aombe.

Kuni nunueni kijijini. Msikate mti, wala msiokote gogo msilojua ni la nani. Gogo hilo laweza kuwa mtumbwi wa kesho.

Kisha usiku. Tazameni mwezi kwenye kalenda kabla ya kupanga tarehe. Usiku wa giza wavuvi wa usipa huwa ziwani na taa zao, maana samaki huifuata taa kukiwa na kiza; mkikaa mchangani mtaona mstari wa taa mbali majini mpaka mnachanganya na nyota. Kijiji kinakuwa kimya na muziki wenu uwe wa chini. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele yake, wavuvi wengi wanabaki nchi kavu kushona nyavu, na hapo ndipo kijiji kina nafasi ya kucheza nanyi. Ulizeni kama kuna kikundi cha mganda au kioda. Mganda ni ngoma ya wanaume, ya mistari iliyonyooka na mavazi nadhifu. Kioda ni ya akina mama. Kikundi kikikubali kuja, kikubaliane nanyi malipo mapema, na spika izimwe kabisa kikiwa kinacheza. Nawahakikishia hakuna atakayeikumbuka hiyo spika.

Jumapili asubuhi pawe kimya. Ukanda huu ni wa makanisa ya zamani, na kuvuka kijiji na nguo ya kuogelea watu wakielekea ibadani ni kuwavunjia heshima. Fungeni kanga.

7. Aliyekunywa haingii majini

Sheria hii isiwe na mjadala. Wekeni watu wawili wasiokunywa kila usiku, kwa zamu, kazi yao ni kuhesabu vichwa. Kumbukeni pia mamba: wapo Nyasa, hasa karibu na midomo ya mito na kwenye matete. Ogeleeni pale watoto na akina mama wa kijiji wanapooga, wakati wanapooga wao.

8. Kichocho na malaria

Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini, na hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Maji ya wazi yenye mawe yana nafuu, lakini msijidanganye kwamba hakuna hatari. Wiki sita au zaidi baada ya kurudi, nendeni hospitali mkapime, kundi zima. Dawa yake ipo na inatibu. Chandarua kila usiku, hata kwenye hema. Mwenye homa baada ya safari apime malaria siku hiyo hiyo.

9. Fedha ziwe na mshika mmoja

Changeni kabla ya kuondoka, kila mtu kiasi kilekile, na mchagueni mweka hazina anayejulikana kwa ubishi wake wa bei. Pigeni hesabu ya nauli, gesti au mahali pa hema, boti, chakula, kuni, kijana wa ulinzi, kisha ongezeni akiba ya siku moja nzima kwa ajili ya upepo. Siku hiyo ndiyo huokoa urafiki. Wasio nayo ndio hulazimisha boti ivuke kwenye mawimbi kwa sababu kesho mtu anatakiwa kazini.

Kuleni chakula cha pale: ugali wa muhogo, usipa wa kukaanga, na mkibahatika, mbasa wa kuchoma. Nunueni kwa mama ntilie, msibebe maboksi ya tambi kutoka mjini. Fedha ya safari ibaki kijijini. Takataka zenu rudini nazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na vizibo vya soda bado vinaachwa mchangani, na vinaachwa na wageni.

10. Likoma inatamanisha, ila ina mlango wake

Wengine wakishaonja visiwa vidogo wanataka Likoma na Chizumulu. Ni visiwa vya Malawi, ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji, na Likoma ina kanisa kuu la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1903, kubwa kupita unavyotegemea kukuta kisiwani. Nendeni, lakini kwa hati ya kusafiria na kupitia uhamiaji. Msimshawishi mvuvi awavushe usiku. Ninyi mtarudi Songea. Yeye anaweza kupoteza boti.

Anayetaka safari ndefu ya majini bila kuvuka mpaka, aulizie MV Mbeya II, meli ya abiria iliyoanza kazi mwaka 2021 kati ya bandari za Kyela na Mbamba Bay, ikigusa vijiji vya pwani ambavyo milima imevitenga. Thibitisheni ratiba bandarini, si kwa jirani.

11. Baadaye, bahari

Mkishajua kusafiri pamoja, geuzeni uso mashariki. Barabara ya Songea, Tunduru, Masasi hadi Mtwara inawafikisha kwenye mchanga wa Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi. Kutoka hapo pandeni kaskazini hadi Kilwa Masoko, mkate kibali, mvuke kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Nyasa kuja Kilwa, ikiwa na pembe na watu waliofungwa minyororo, kwa miguu. Mtu wa Ruvuma anapaswa kusimama pale akilijua hilo.

Mafia ina papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi. Zanzibar yenyewe mkiifikia, kumbukeni kwamba bahari, tofauti na Nyasa, hupwa na kujaa: Paje na Jambiani maji hukimbia mbali mkabaki na mwani na matope, ila Kendwa na Nungwi mnaogelea karibu saa zote, na huko Kendwa ndiko kuna ile sherehe maarufu ya mwezi mpevu. Tafuteni vyumba vya kulala mapema kwa tarehe hizo, au laleni Nungwi mtembee kwa miguu ufukweni maji yakiwa yamepwa, mkiwa kundi zima na tochi mbili.