Somo: Mchezo wa Ramani ya Mwili

Ndugu wafanyakazi, leo tujifunze kwa mchezo. Tunatandika karatasi kubwa na kumchora mtu, mbele na nyuma. Kila mmoja anatia alama nyekundu mahali panapomwuma, majina hayaandikwi. Vicheko havikosi, hasa alama zikifika makalioni! Lakini alama kumi zikirundikana kiunoni, huo si udhaifu wa mtu mmoja: ni mizigo mizito, ni kuinama kutwa shambani. Huko Italia wafanyakazi walianza kuchora ramani za hatari za viwandani katika miaka ya 1960. Kisha tuulizane: chanzo ni nini? Tudai nini? Tawi liipeleke karatasi kwa mwajiri. Mmoja akilalamika huitwa mvivu. Tukilalamika sote, nani ataitwa mvivu?