Siku za Kwanza za Mtoto wa Kuasili

Mwezi huu tuzungumze juu ya familia zinazompokea mtoto ambaye hazikumzaa. Wengi huchukua mtoto wa ndugu aliyefariki, na hapa pwani hilo ni jambo la siku zote. Wengine, hasa wanandoa waliokaa miaka mingi bila kupata mtoto, humchukua kutoka makao ya watoto kwa njia ya afisa ustawi wa jamii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto hukaa kwanza kwenu kwa malezi ya kambo, na baadaye mahakama hutoa amri ya kuasili. (Neno hilo "kambo" lisiwatishe, si yule mama wa kambo wa kwenye hadithi.) Habari za karatasi afisa atawaeleza. Hapa tutaangalia wiki mbili tatu za kwanza nyumbani.

Mara nyingi mama huja kliniki na mtoto mpya akasema kwa furaha: "Sista, huyu hana usumbufu hata kidogo. Halii kabisa." Mtoto hulala anapolazwa, hula anachopewa, huchukuliwa na kila mtu bila kupinga, na majirani humsifu. Muuguzi aliyezoea watoto akisikia hivyo humtazama huyo mtoto mara ya pili.

Zamani hata sisi wa hospitali tulifundishwa kuwa mtoto akinyamaza wodini amezoea. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi na daktari John Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake. Wawili hao walieleza kuwa kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama, halafu hukata tamaa, mwisho hujitenga asiwe na habari na mtu. Ukimya ule ulikuwa huzuni. Na karibu na kwetu, Uganda, mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Aliandika dalili za mtoto aliyeshikamana na mama: hulia mama akitoka, humfuata kwa kutambaa, humkimbilia akiogopa. Wachache hawakuonyesha tofauti yoyote, mama awepo asiwepo.

Mtoto wa makao amelelewa na walezi wachache wenye watoto wengi, tena wanaopokezana zamu. Wanajitahidi sana, lakini mikono haitoshi, na mtoto hujifunza kwamba kulia hakumleti mtu. Sasa ameondolewa hata kwa wale aliowazoea.

Hapo ndipo hatari ya afya ilipo. Mtoto asiyelia kwa njaa halii pia kwa homa. Wazazi hungoja alalamike, naye halalamiki, na malaria haingoji. Kwa hiyo wiki hizo mguseni mwili asubuhi na jioni, na usiku mkiamka. Kipimajoto kikiwapo, kitumieni. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, msingoje hata asubuhi.

Jambo la pili ni wageni. Kati ya mwaka 1992 na 2024, China iliporuhusu watu wa nje kuasili watoto wake, wazazi wengi kutoka Marekani na Ulaya walikabidhiwa mtoto ofisini kisha wakakaa naye hotelini siku kadhaa wakisubiri karatasi. Chumba kidogo, lugha ngeni, mtoto amenyamaza au amegeukia ukuta. Ilikuwa taabu, lakini ilikuwa na faida moja: mtoto aliona nyuso zile zile tu. Kwetu Bagamoyo ni kinyume. Siku ya kwanza mtaa mzima unakuja kumwona, kutoka Dunda hadi Kaole, na kila shangazi anataka kumbeba. Wapokeeni wageni kwa heshima, chai wanywe, lakini mtoto abaki mgongoni kwa mama. Wiki hizo kumlisha, kumwogesha na kumlaza kuwe kazi ya baba na mama peke yao. Safari ya kumwonyesha kwa bibi Tanga ingoje.

Baba asivunjike moyo. Makao mengi walezi ni wanawake, na mtoto huenda hajazoea sauti nzito wala ndevu. Asimnyang'anye kwa mama. Akae mkekani karibu, amenye chungwa, ampe kipande bila kumkazia macho. Kesho afanye hivyo tena.

Kabla ya kumchukua, ulizeni makao anakula nini, saa ngapi, analala vipi. Ombeni nguo au shuka yake, na msiifue mara moja, kwa maana harufu yake ndiyo anayoijua. Endeleeni na uji ule ule kwa siku kadhaa. Wali wa nazi na samaki viingie polepole. Watoto wengine hula mpaka watapike, wengine huficha mkate chini ya mto. Msiwagombeze. Mpeni kidogo kidogo mara nyingi, aone kuwa chakula kipo hata kesho.

Ndani ya wiki ya kwanza mleteni kliniki na kadi yake. Tutampima uzito na kuangalia chanjo. Ile ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Ulizeni pia juu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI. Aliye chini ya miezi 18 huweza kuwa na kingamwili za mama aliyemzaa tu, kwa hiyo huhitaji kipimo maalumu cha matone ya damu kwenye karatasi. Majibu yoyote yale, dawa zipo.

Kisha, pengine baada ya wiki, pengine miezi, utaingia usiku mtoto alie kwa sauti, au amng'ang'anie mama asiende hata kuteka maji. Wengi hudhani ameharibika au amerogwa. Ameanza kuwaamini. Mchukueni, mmbebe, hata ikiwa mara tano kwa usiku mmoja, na afisa ustawi wa jamii akija kuwatembelea, mwambieni hivyo hivyo.